Mwacheni Mtani Aseme: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Sanaa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa, kwa Baraza la Sanaa la Taifa, Bodi ya Filamu na Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa viongozi wa Jeshi la Polisi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya vichekesho vya jukwaani, ile sanaa ambayo vijana wanaiita stendapu: mtu mmoja, maiki moja, na watu waliolipa kiingilio ili wacheke. Siandiki kama msanii. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii kwa miaka 31, mingi yake hapa Morogoro, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwasaidia vijana wachache kuandaa onyesho moja kila mwezi katika ukumbi mdogo wa Kihonda. Nataka mjue nilichokiona humo, na baada ya hapo nina maombi ambayo yote yako ndani ya uwezo wenu.

Nianzie mbali kidogo. Baba yangu alikuwa Mngoni. Alipofariki mwaka 1989 tulimzika kwao, nje ya Songea, na watani wetu Wahehe walikuja. Anayejua historia anajua kwamba Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karibu na mwaka 1880, wakauana sana. Utani wao umetoka humohumo. Watu waliomwaga damu walikubaliana kwamba tangu sasa watachomana kwa maneno, watazikana, na hakuna atakayekasirika.

Siku ile mtani mmoja, mzee mwembamba, alivaa koti la marehemu akatoka nalo hadi shambani. Akaanza kupiga hatua kwenye mahindi, moja, mbili, tatu, akijifuta jasho, huku akiiga sauti ya baba yangu mdogo. "Kuanzia hapa mpaka kwenye mwembe ni pangu. Shemeji atakula nini? Atakula uchungu wa marehemu!" Mwili wa baba ulikuwa bado ndani. Msiba mzima uliangua kicheko, wanawake waliokuwa wakilia wakashikana mabega wakicheka, na baba mdogo naye akacheka, kwa kuwa mtani hakasirikiwi. Lakini kila mtu pale alijua kwamba lile shamba lilikuwa limeshaanza kupimwa kwa macho. Mama yangu alililima mpaka alipofariki mwaka 2011. Hakikukaa kikao hata kimoja cha ukoo kumhoji.

Niliingia kazini miaka michache baadaye, na kwa muda mrefu sikuliunganisha jambo lile na kazi yangu. Tulikuwa na semina, vipeperushi, mabango na mgeni rasmi. Tulikuwa tunasimama mbele ya kina mama wa kata nzima na kuuliza nani amewahi kupigwa na mumewe, nani amenyimwa matumizi, nani ana deni linalomkosesha usingizi. Wanawake walitazama chini. Wengine walikuwa na alama shingoni, ninaziona, wao wanajua ninaziona, na bado kimya. Niliwaandikia wakubwa wangu ripoti nyingi zilizosema "mwitikio ulikuwa wa wastani". Leo ninajua kwamba tulikuwa tunamtaka mtu aje mbele za watu akiwa peke yake na aibu yake. Ni mzigo mkubwa mno kumtwisha mtu.

Sasa nije ukumbini Kihonda.

Kuna kijana wetu mmoja, mchana ni dereva wa bodaboda, ana miaka 24. Mwaka jana alisimama na seti ya dakika saba kuhusu mikopo ya kausha damu. Hamhitaji kuelezwa kausha damu ni nini: mkopo wa haraka, marejesho ya kila siku au kila wiki, na ukishindwa wanakuja kubeba godoro, televisheni, hata mtungi wa gesi. Alisimulia jinsi mama yake alivyokopa kwa siri bila baba kujua, na baba naye akakopa kwa siri bila mama kujua. Siku wadai walipokuja mtaani, kila mmoja akakimbilia chooni uani. Baba akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akanong'ona, "Nani humo?" Mama akamjibu kwa kunong'ona vilevile, "Kwani wewe unadaiwa na nani?"

Ukumbi ulilipuka. Halafu likatokea jambo ambalo sikuliona katika miaka yangu yote 31. Mama mmoja wa safu ya tatu akapaza sauti, "Mimi nilijificha banda la kuku!" Mwingine akadakia, "Mimi walinikuta chini ya uvungu!" Watu wanacheka, wanafuta machozi, wanaoneshana vidole. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba ana shida, lakini kila mmoja alijua sasa kwamba wako wengi. Onyesho lilipokwisha wanawake 11 hawakuondoka. Tulivuta viti tukakaa. Nikawaeleza kwamba mkopeshaji wa namna ile anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kwamba halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Wengine walikuwa hawajawahi kusikia. Wiki iliyofuata saba kati yao waliandikisha kikundi.

Dakika saba, waheshimiwa. Nimeshiriki miradi ya miaka mitatu ambayo haikufika pale.

Onyesho lililofuata, asubuhi ya siku yenyewe, mwenye ukumbi alipigiwa simu. Aliyepiga simtaji, wala ofisi yake siitaji. Aliambiwa kwamba yule kijana wa mikopo asipande, kuna mkubwa ameguswa, na kwamba kama anataka ukumbi wake uendelee kupata vibali aangalie. Hapakuwa na barua wala kifungu cha sheria kilichotajwa. Kijana alipanda kwa sababu watu walishalipa, lakini alizungumza juu ya Simba na Yanga kwa dakika saba. Watu walicheka, tena walicheka sana, maana ana kipaji. Baadaye wote wakaenda nyumbani. Hakuna aliyevuta kiti. Mimi nilibaki pale nakunja vitambaa vya meza na nilikuwa na hasira ambayo sijui niipeleke wapi, ndiyo maana mnasoma barua hii.

Hofu ile haikuanzia kwetu. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alitakiwa kuripoti polisi kwa sababu ya picha alizobadilishana sura na Rais John Magufuli, akimtakia Rais heri ya siku ya kuzaliwa. Mei 2020 akakamatwa tena baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais. Huyu ni kijana aliyeipeperusha bendera yetu akashinda Big Brother Africa mwaka 2014. Alikaa mahabusu zaidi ya wiki moja, na alipofikishwa mahakamani shtaka lililosomwa lilihusu usajili wa laini ya simu. Vijana wangu wanayajua haya yote kwa tarehe. Ndiyo maana kijana anayeanza leo hahitaji mtu wa kumkataza. Anajikataza mwenyewe, usiku, akiwa na daftari lake, kabla hata hajamwonesha mtu.

Najua mtanijibu kwa methali: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ni kweli, na sisi wenyewe tunaifahamu. Lakini tazameni utajiri wa lugha yetu katika jambo hili. Tuna utani, tuna mzaha, tuna masihara, tuna kejeli, tuna dhihaka, tuna matusi. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba haya si kitu kimoja. Wahenga walioonya juu ya mzaha ndio haohao waliomlea mtani. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilipiga marufuku maudhui yenye lengo la kuidhihaki Jamhuri ya Muungano, bendera yake na wimbo wa taifa. Sina ugomvi na bendera. Hofu yangu ni kwamba neno la kudhihaki, likifika kwa askari wa zamu au kwa mtu wa ofisini aliyeguswa, linameza yale mengine yote. Anayeitania halmashauri juu ya dampo lisilozolewa anahesabiwa ameidhihaki nchi.

Vilevile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kueneza taarifa za uongo kwa nia mbaya: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mchekeshaji anatia chumvi kwa kazi. Akisema foleni ya hospitali ilikuwa ndefu mpaka aliyekuwa mbele yake akazeeka pale kwenye benchi, amesema uongo? Amesema ukweli wa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lile. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya matapeli na wazushi haijui kumsikiliza mtu wa namna hii, na wala haikufundishwa.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo nadhani wengi wenu hamjalifahamu, na si kosa lenu, hata mimi nilijifunza kwa kukaa nao. Vijana wameombwa mara kadhaa wapeleke "andiko la onyesho" kabla, kama mchezo wa kuigiza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) ni ya 1984; zote zilizaliwa wakati sanaa ya jukwaani ilikuwa na vikundi, mazoezi na maneno yaliyokaririwa. Stendapu haina andiko. Kijana anaanza na sentensi tatu, anazijaribu mbele ya watu 20, mbili zinakufa, moja inaishi. Anairudia wiki ijayo kwa namna nyingine. Anasikiliza pale watu wanapovuta pumzi. Dakika tano nzuri zinaweza kumchukua miezi mingi, na hata siku ya siku atabadilisha maneno kwa kuwa leo ukumbi umejaa wauguzi na jana ulijaa wanafunzi wa chuo. Ukimdai andiko, atakuletea karatasi ya kukuridhisha, na wewe utapiga muhuri kitu ambacho hakitasemwa.

Mwenye mamlaka anapoteza nini akitaniwa? Rais Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Ruksa na wananchi. Jina lile lilikuwa na utani ndani yake, na kuna waliolitaja kwa kumsifu na waliolitaja kwa kumchoma. Mzee hakumtafuta aliyelianzisha. Kitabu cha maisha yake kilipozinduliwa mwaka 2021, kilibeba jina hilohilo jaladani. Nilipoliona niliguswa sana, nikamkumbuka baba yangu mdogo akicheka pale kwenye mahindi. Alikuwa Rais kwa miaka 10, na lile jina la utani halikumpunguzia kitu.

Jirani zetu Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, Rais Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu, walikuwa na vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliomuiga sauti na mwendo. Watu waliokuwa wakinong'ona wakaanza kucheka kwa sauti. Nchi haikuanguka, na Kiarie mwenyewe baadaye alichaguliwa kuwa mbunge. Katiba yao ya 2010, ibara ya 33, imeutaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Bado wanasuasua, Aprili 2025 mabomu ya machozi yalipigwa Nakuru wakati wanafunzi wa Butere Girls walipokwenda kuigiza mchezo wao kwenye tamasha la taifa. Nawataja ili mwone kwamba hata kifungu kizuri cha katiba hakitoshi kama askari wa chini hajaelekezwa. Sisi tunayo ibara ya 18, inayompa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Haijamfikia mwenye ukumbi wa Kihonda.

Lazima pia niseme yanayoniuma upande wa vijana wenyewe, la sivyo sitakuwa mkweli. Nimesikia jukwaani utani juu ya watu wenye ualbino, katika nchi ambayo watu hao wamewindwa na kukatwa viungo. Nimesikia mwanamke aliyepigwa akifanywa kichekesho, na ukumbi ukacheka, na mimi nikatoka nje kwa sababu nilikuwa nimewahi kumpeleka mwanamke wa namna hiyo dawati la jinsia akiwa na meno mkononi. Tulikaa na yule kijana. Sikumwambia "marufuku". Nilimuuliza swali moja ambalo nimelichukua kwa watani: huyu unayemtania, ana zamu ya kukujibu? Mtani wa kweli ni yule ambaye kesho atanijia na yeye anichane. Mhehe akinitania leo, nitamtania kwake keshokutwa. Yule mama aliyekaa kimya safu ya nyuma, hana zamu. Mtu mwenye ualbino anayeogopa kutembea usiku, hana zamu. Lakini mkuu wa idara, mbunge, waziri, wana maiki kubwa kuliko zote: wana redio, wana televisheni, wana mikutano ya hadhara. Zamu yao haikosekani kamwe. Kijana alikaa kimya muda mrefu, akaifuta ile seti. Sasa anamzungumzia mpigaji, jinsi anavyorudi nyumbani akiwa simba na kazini kwa bosi wake akiwa sungura. Wanaume wanacheka huku wakitazamana.

Ndiyo kazi ninayowaomba mwiamini: wasanii kukosoana, watazamaji kunyamaza pale penye utani mbovu, wazee kuvuta kiti.

Februari 2025, Tuzo za Vichekesho zilipotolewa Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria. Tulitazama tukiwa tumejazana kwenye simu moja, na vijana walifurahi mno. Kwa mara ya kwanza kazi yao ilionekana ni kazi. Cheka Tu na majukwaa mengine ya Dar yamewapa wengi pa kusimamia. Lakini heshima ile haijashuka mikoani. Huku, mchekeshaji anajulikana zaidi kama mtu wa kuitwa kuchangamsha hafla ya ofisi, anapewa "ujumbe" ulioandikwa na kamati, auseme kwa kuchekesha. Huchelewi kutambua: watu wanacheka kwa adabu, wanapiga makofi, wanasahau. Kichekesho kinachogusa jamii kinatoka kwa mtu aliyeishi jambo, na huyo lazima aachwe aseme na upande usiopendeza.

Kwa hiyo naomba hivi. Wizara na Jeshi la Polisi mtoe waraka, wa maandishi, uwafikie mpaka wakuu wa vituo: lalamiko juu ya utani wa jukwaani lipelekwe kwanza kwa Baraza, lisikilizwe na watu wa sanaa, na mchekeshaji asishikwe wala kuitwa kituoni kabla ya hapo, isipokuwa pale alipochochea watu kumdhuru mtu. Anayetaka onyesho lisimame aandike barua, aweke jina lake na kifungu anachokitegemea. Nina hakika zile simu za asubuhi zitapungua, kwa kuwa wengi wanaozipiga hawangethubutu kuweka sahihi.

Bodi na Baraza muache kudai andiko kwa stendapu. Kama lazima kuna kibali, basi kwa ukumbi wa watu wasiozidi 100 kitolewe na afisa utamaduni wa wilaya, kwa ada ambayo kijana wa bodaboda anaweza kuilipa kwa siku yake moja ya kazi. Mamlaka ya Mawasiliano nanyi mliseme lile neno la kudhihaki lina mipaka gani, kwa Kiswahili chepesi, kwa mifano, ili kijana ajue mahali ukuta ulipo na asiishi akiogopa chumba chote. Na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaowakopesha wasanii, ufikirie kumbi ndogo za mikoani: spika mbili, maiki, taa na viti. Hatuombi zaidi ya hapo.

Nawaomba pia mje. Sisemi mje kama wageni rasmi. Tafadhali msije na meza ya mbele na chupa za maji. Onyesho letu ni Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa 12 jioni, kiingilio shilingi 3,000. Kaeni katikati ya watu. Ikiwa mmoja wenu atataniwa, tutampa maiki ajibu, na nawahakikishia ukumbi utamsikiliza.

Yule kijana ameziandika upya dakika zake saba za kausha damu, na zimekuwa tisa. Mwenye ukumbi ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nimemwambia kijana atapanda, na asipunguze hata moja.

Wenu katika kazi,

Mstaafu wa ustawi wa jamii, Kihonda, Morogoro